Usimeze Kabla Hujausikia Muwa

Nakumbuka siku moja pale Kharumwa, jua limeanza kulegea, babu yenu alikaribia kunikosa kwa sababu ya funda moja tu la moshi. Cheka, mwanangu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Moshi ndiyo ile pombe nyeupe inayochuruzika tone kwa tone, nasi kwetu tuliipika kwa miwa. Ukiitazama utadhani ni maji ya mvua yametoka kwenye bati. Mimi sikusoma, darasani nilipita tu kama upepo, ila kuhusu moshi wa miwa nikikaa kusimulia tutakesha.

Nililelewa na shangazi yangu, Mama Kulwa, Mungu amrehemu. Baba alishafariki, kwa hiyo neno la shangazi ndilo lilikuwa neno la nyumba. Akisema binti haolewi, haolewi. Na mimi, sikufichi, Masanja nilikuwa nimeshampenda. Nilimwona mnadani akicheka na ng'ombe kama anaongea na watu, nikasema moyoni, huyu huyu. Kazi yake ilikuwa kuchimba dhahabu maduarani, yale mashimo wanayoshuka kwa kamba. Basi siku hiyo akaja na mjomba wake, ndiye mshenga, kuniposa.

Shangazi alikuwa amepika tangu asubuhi. Miwa niliitwanga mimi kwenye kinu siku kadhaa kabla, ili maji yake yachachuke, mikono ikawa inanata mpaka nzi wananifuata kama bibi harusi. Sasa sikiliza hili vizuri. Yale matone yanayotangulia kutoka kwenye mrija hayanyweki. Ni makali, yana sumu ya kupofusha macho. Shangazi aliyakinga kwenye kibuyu kidogo, akawa anasugulia magoti yake. Ya wageni yalikaa kwenye kibuyu kikubwa. Na kwetu mgeni hanywi mpaka mwenye pombe aonje mbele yake, ili ajue hakuna ubaya. Hilo hata mtoto mdogo analijua.

Wageni wakaketi mkekani, shangazi akaingia ndani kuchukua karanga. Masanja, na tabia zao za maduarani, kule anayetangulia kunywa ndiye mwanaume, akanyoosha mkono. Akachukua kibuyu kidogo kilichokuwa kando ya kile kikubwa. Akabugia.

Shangazi akatoka na sahani yake, akamkuta mashavu yamejaa kama panya wa shambani, machozi yanamtoka. Kumeza anashindwa, kutema anaona haya, maana kutema pombe ya wakwe ni tusi. Mimi niko nyuma ya mlango, nachungulia. Shangazi hata hakupandisha sauti.

"Tema, baba," akamwambia. "Ukimeza hiyo, mchumba wako utamtafuta kwa kupapasa."

Akatema. Ndipo shangazi akamgeukia mshenga, akamwambia amchukue kijana wake waende, hapa hakuna binti. Asiyemngoja mwenye chungu aonje, atamngoja mkewe ale? Mshenga akaomba, akamwita Mama Kulwa, mama wa watu, akasema mtoto ni wa machimboni, hajafunzwa. Shangazi akatafuna karanga moja, ya pili. Halafu akasema basi, kama hajafunzwa, afunzwe, tuone kama anafundishika.

Akamimina kutoka kile kikubwa, kidogo tu, kwenye kikombe cha bati. Akaonja yeye kwanza. Akampa.

"Usimeze. Nusa, kisha ulowanishe ulimi, uniambie umesikia nini."

Masanja akanusa. Akagusa kwa ulimi. Akafikiri muda mrefu mpaka mshenga akakohoa.

"Mama, nisikudanganye," akasema. "Nasikia moto tu."

Shangazi akatabasamu kidogo, mimi nilimwona kwenye upenyo wa mlango. Alijua mwongo angesema asali. Akampa karanga atafune, maji anywe, akamwambia arudie taratibu, moto aungoje upite kama unavyongoja kundi la ng'ombe livuke barabara. Akamweleza kwamba pombe hii haijalala miezi kwenye pipa ikapata rangi na maringo. Ni changa, haina pa kujificha. Muwa ukiwa mbovu utausikia, mpishi akiwa mchafu utamsikia.

Masanja akarudia. Safari hii akafumba macho. Uso ukamlainika kama mtoto aliyepata usingizi.

"Muwa," akasema polepole. "Muwa mbichi, ule unaoumenya asubuhi ukiwa na umande. Na nyuma yake kuna utamu unabaki."

Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Shangazi akashika kibuyu amwongeze, na mimi najua alikuwa anamtega. Masanja akafunika kikombe kwa kiganja.

"Wabeja, mama, nashukuru, imetosha. Ila naomba kujua, miwa hii aliyeitwanga ni nani?"

"Yuko nyuma ya mlango," shangazi akasema, "anatusikiliza tangu mmekuja."

Ndivyo nilivyoolewa, mwanangu. Na tangu hapo babu yenu hakushuka duarani hata siku moja akiwa amelewa. Wenzake aliokuwa akibugia nao wengine shimo liliwameza. Yeye yupo, anakoroma hapo ndani sasa hivi, na mimi kila nikimsikia namshukuru Mungu, nawashukuru na wazee kama shangazi, waliokuwa na ujasiri wa kumkemea mtu hadharani halafu wakamfundisha.

Juzi kaka yako wa Kahama kaniletea chupa ya dukani, nyeupe, ya miwa, ina nembo ya serikali. Ya kienyeji imekatazwa, na sababu wanayo, wapishi wa leo wana haraka, wanauza mpaka yale matone ya mwanzo. Basi tukaonja kidogo mimi na babu, na karanga zetu. Nikausikia muwa. Nilifurahi, wee, nikacheka peke yangu.

Kwa hiyo mwanangu, kama umri umefika na wataka kunywa, usinywe usichojua kilikotoka. Mngoje mwenyeji. Onja, usibugie, maana kizuri hakina mbio. Ukiulizwa usichokijua, sema hukijui. Na simama ungali unasikia utamu, ukishaacha kuusikia unakunywa nini tena? Ukiposa, ukiajiriwa, ukipata hela za dhahabu, fanya vile vile.

Mungu akupe mvua ya kiasi na nyumba ya vicheko. Unywacho kikukute una afya, kikuache una akili. Nenda salama, ng'wanawane, mwanangu.