Mofini Iliyozimuliwa

Shemeji yangu ni fundi rangi, na mtaani wamempa jina la Kopo Moja. Wenzake wakiomba makopo matatu, yeye anaomba moja. Analizimua kwa maji, anakoroga, anainua kijiti aone inavyodondoka, anaongeza maji tena. Nyumba inakwisha na kopo bado lina kitu chini. Tulikuwa tukimtania kwamba siku akipika chai tutakunywa maji ya moto. "Chekeni tu," anajibu. "Akiba haiozi."

Mkewe ni dada yangu, niliyemfuata kuzaliwa. Saratani ilimwingia mifupani. Alianza kwa kushindwa kuinama afagie, akaishia kitandani, hata shuka likimgusa mguu anasaga meno. Kliniki wakampa mofini ya maji, ya kijani, pamoja na bomba la kupimia. Nesi alieleza vizuri, nilikuwepo: anywe kipimo kamili kwa saa zake, asisubiri mpaka aumwe, na maumivu yakizidi tuseme aongezewe. Shemeji aliitikia kila neno. Lakini pale kwenye benchi alikuwa amesikia wagonjwa wakisimuliana kwamba kuna wakati dawa hiyo iliadimika, na hilo ndilo alilorudi nalo nyumbani.

Basi akafanya alichokizoea. Alimimina nusu ya dawa kwenye chupa nyingine, zote mbili akazijaza maji yaliyochemshwa. Hakumwambia mtu. Si uchoyo, jamani. Mwanamume huyu alimwosha mkewe kwa mikono yake, akamkata kucha, akamlisha uji kijiko kwa kijiko. Aliogopa siku ya chupa tupu, akili ikamwishia hapo.

Na dada naye, we! Kila akimeza, mumewe anamuuliza, "Vipi, mama?" Naye, "Afadhali, baba." Mume akitoka nje tu, anang'ata mto. Mchana mmoja nilimkuta hivyo, jasho linamtiririka.

"Usimwambie," akanishika mkono. "Dawa hainisaidii, mdogo wangu. Akijua, atakata tamaa."

"Siri ya namna hiyo itafutie mtu mwingine," nikamwambia, nikampigia nesi.

Nesi alikuja kabla jua halijazama. Akaichukua chupa, akaisogeza dirishani. "Mbona imepauka?"

Shemeji akatazama sakafu. "Niliizimua kidogo, dada nesi. Ili ifike."

"Ifike wapi?" nikapayuka. "Ifike wapi, wewe? Huyu ni ukuta?" Ningempiga, Mungu anisamehe.

Nesi akanituliza. Hakumfokea. Akamwambia dawa ipo, ikikaribia kuisha apige simu ataletewa, na kwamba ukimpa mgonjwa nusu, maumivu hayapungui nusu, anabaki nayo. Kisha akampimia dada kipimo kamili kutoka chupa mpya aliyokuja nayo.

Dada akalala. Akalala mdomo wazi, anakoroma, mkoromo mzito wa mtu aliyetoka shamba. Shemeji alikaa mlangoni akiusikiliza, analia bila hata kujifuta. Dada alipoamka alinyoosha mguu mwenyewe, akautazama kama wa mtu mwingine.

"Kumbe dawa inafanya kazi," akasema.

Hapo shemeji akapiga magoti, akamweleza yote, maji na chupa mbili.

"Siku zote zile?" dada akauliza.

"Zote, mama."

Akageukia ukutani. Nikaanza kukusanya vikombe ambavyo havikuhitaji kukusanywa. Mwishowe akasema, bado katupa mgongo, "Na mimi nilikuwa nakwambia afadhali. Tumekomoana, baba." Kisha akamwita amkumbatie, maana sasa mifupa haimuumi.

Alituacha muda mfupi tu baada ya hapo, ila alikwenda ametulia, na siku zile chache alizungumza, alinisengenyea majirani, alicheka.

Tulipotoka kumzika, shemeji alinivuta pembeni, macho mekundu, kofia kaishika mikononi.

"Shemeji, niambie kweli. Ningempa yote tangu mwanzo, angelala vile?"

Neno la kumfariji lilinijia mdomoni, nikalimeza. Nyumba ile ilikuwa imedanganyana vya kutosha.

"Angelala," nikamwambia.