Malenga Asiye na Mdomo

Mimi nina mdomo mkali, na hapa Elvestad hakuna asiyejua. Nimegombana na wachungaji watatu wa kanisa letu, na mmoja wao alihama kabisa. Kwa hiyo nikisema kwamba mambo ya Verlyn Haugstad niliyavuruga kwa upole wala si kwa ukali, wanaonifahamu watacheka. Wacheke tu. Ndivyo ilivyokuwa.

Verlyn alikuwa dalali wa minada ya mashamba. Kwa miaka thelathini na mmoja, shamba lolote likiuzwa huku kwetu, ng'ombe, trekta, hata sufuria za bibi aliyefariki, aliyepanda juu ya mkokoteni kuuza ni yeye. Alikuwa na sauti, jamani! Bei zilimtoka mbio mpaka wageni wakadhani anasali. Miaka ile mibaya, watu walipokuwa wakinyang'anywa mashamba na benki kila juma, aliuza ng'ombe wote arobaini wa baba yake Gordy Pesek, kisha akashuka, akaenda nyuma ya zizi, akalia. Alipomaliza alirudi kuuza matrekta. Gordy, ambaye sasa ni fundi bomba, hakumlaumu kwa hilo hata siku moja.

Kila Jumapili baada ya ibada tulikuwa tukikutana wanne katika chumba cha chini cha kanisa: Gordy, Marlys wa maktaba, Verlyn, na mimi LaVonne, mwongozaji wa mchezo. Mchezo wenyewe ni wa mezani, wa karatasi, penseli na dadu. Mimi nasimulia nchi ya majoka na mahandaki, na kila mmoja anakuwa na mhusika wake. Kwanza unamchagulia jamii, awe mtu, kibeti au jitu. Halafu unamchagulia kazi: shujaa, mwizi, kuhani, mchawi, au malenga, ambaye silaha yake ni wimbo. Baada ya hapo ni kuongea. Dadu ni mbwembwe tu, mchezo mzima ni kuongea. Kwa miaka kumi na minne Verlyn alicheza malenga, na sidhani kama aliwahi kufikiria kazi nyingine.

Septemba akakutwa na kansa ya koo. Madaktari wakatoa koromeo lote. Akapona, ila anapumulia tundu la shingoni, amelifunika kwa kitambaa, na sauti hana.

Februari binti yake, Karna, akanipigia simu. "LaVonne, baba anakuja Jumapili. Lakini nikwambie ukweli, ameniandikia kwamba anakuja kuwaaga. Mgahawani haendi tena. Baada ya ibada habaki kunywa kahawa na watu. Akiiacha na hiyo meza yenu, basi, atabaki na mimi na televisheni."

"Usiwe na wasiwasi," nikamwambia. "Niachie mimi."

Sasa, sisi watu wa huku tuna ugonjwa wetu. Jambo zito hatulisemi. Mtu akifiwa tunampelekea bakuli la viazi na nyama vya kuokwa, tunasimama naye mlangoni nusu saa tukizungumzia theluji, tunaondoka. Tangu Verlyn atoke hospitali, hakuna aliyetaja koo lake mbele yake. Nami, mwenye mdomo wangu huu, nikafanya yaleyale. Nilitunga hadithi mpya ili kila mtu atengeneze mhusika mpya, na yule malenga wake abaki kwenye hadithi ya zamani pasipo mtu kulazimika kueleza kwa nini. Kisha nikamtungia Verlyn jamii ambayo haipo kwenye kitabu chochote: Wayoga, watu wa uyoga. Nikajiona nina akili nyingi kweli.

Jumapili ile alikuja na koti lake la miraba myekundu na kibao cha kuandikia. Marlys akamwambia theluji ni nyingi. Gordy naye akamwambia theluji ni nyingi, tena kwa kupaza sauti, kana kwamba kilichotolewa ni masikio. Verlyn akaandika "NASIKIA, GORDY", na Gordy akawa mwekundu mpaka kwenye upara.

Nikagawa karatasi. "Verlyn, wewe ni Myoga," nikaanza. "Urefu wa mtoto wa darasa la pili. Huna mifupa. Ukishinda juani unanyauka. Jamii yenu haina mdomo. Mnamwaga vumbi lenu hewani, na anayelivuta anaelewa mnachotaka."

Akasoma karatasi taratibu, akatabasamu. Kila Mei huyu mzee huokota uyoga chini ya miti iliyokufa, na mahali penyewe hajamwonyesha mtu, hata Karna. Jamii aliipenda, niliona wazi. Kwenye nafasi ya kazi nilikuwa nimeshamwandikia kwa penseli: shujaa.

"Shujaa safi kabisa!" akasema Gordy. "Uyoga na shoka, nani atamsogelea?"

"Atalibeba kwa mifupa ipi?" akauliza Marlys. "Mimi naona mwizi. Anapenya chini ya mlango."

"Na likofia lote lile la uyoga? Mlango gani huo, wa zizi?"

"Basi kuhani. Anaota makaburini, wafu wote ni majirani zake."

"Mchawi! Nusu ya uyoga wote ni sumu tayari, kazi imekwisha!"

Wakacheka, na mabega ya Verlyn yakatikisika kidogo. Walizitaja kazi zote isipokuwa moja. Waliikwepa kama watu wanaokwepa barafu njiani, na Verlyn akawa anamtazama kila mmoja kwa zamu. Halafu akageuza penseli, akaanza kufuta. Alifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, akaandika kwa herufi kubwa, akanisukumia. Malenga.

Hapo ndipo nilipoharibu. "Haiwezekani, Verlyn," nikasema. "Kanuni ziko wazi. Malenga lazima atoe sauti, na mtu asiye na..."

Nikanyamaza, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Nani anataka keki?" akauliza Marlys. "Kuna keki ya tufaha."

Verlyn akasimama. Akatia kibao chake kwapani, akachukua koti, akatia mkono mmoja. Nikajua akipanda ile ngazi harudi tena, na mimi ndiye nitakayempigia Karna simu kumwambia. Woga ukanipanda, na mimi woga ukinipanda hugeuka hasira.

"Keti chini, Verlyn Haugstad!" nikafoka. "Ndiyo, nimesema! Huna koromeo! Kila mtu humu anajua huna koromeo! Nimekutungia jamii nzima isiyo na mdomo kwa sababu niliogopa kukuona umekaa kimya mezani kwangu. Ni ujinga, na ujinga ni wangu. Unataka malenga? Haya, nieleze Myoga anaimbaje, nitaandika kanuni sasa hivi. Lakini utanieleza wewe. Mimi sikusemei!"

Marlys alikuwa ameshika kisu cha keki hewani. Gordy aliangalia viatu vyake. Verlyn alisimama pale, mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje, anapumua kwa nguvu kupitia kile kitambaa.

Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kifaa cha mviringo, kirefu kama tochi. Karna aliniambia baadaye kwamba hospitali walimpa tangu Novemba kimsaidie kutoa sauti, akakijaribu mara moja mbele ya kioo, akakirudisha kwenye boksi. Sijui ni kwa nini siku hiyo alikibeba. Akakibana shingoni, akabonyeza.

"Vumbi," kikasema kile kifaa.

Ilikuwa sauti mbaya, sitadanganya. Ilikuwa ya nyuki ndani ya debe, haipandi wala haishuki. Uso ukamwiva kwa aibu, lakini hakukiondoa.

"Vumbi... linaimba. Kila... anayelivuta... anasikia wimbo... aliokuwa akiimbiwa... na mama yake."

Hakuna aliyezungumzia theluji.

Gordy akakohoa. "Na majitu je? Majitu nayo yanasikia?"

"Hata majitu," akasema Verlyn, "yana mama."

Nikachukua penseli, nikaandika kanuni kama alivyoitamka, neno kwa neno. Mwandiko haukusomeka vizuri kwa sababu nilikuwa nalia, na sikujificha nyuma ya zizi lolote. Verlyn akavua mkono wa koti, akaketi.

Tukaanza. Niliwaweka mbele ya lango la mji, linalindwa na jitu lenye hasira, nikauliza nani atasema nalo. Akabonyeza kifaa. Yule mwanamume aliyekuwa akitema bei kumi kwa pumzi moja sasa alikuwa akitoa neno, anatulia, anatoa jingine. Marlys alitaka kummalizia sentensi, nikampiga teke chini ya meza. Tukasubiri. Kahawa ikapoa. Alilisifia lile jitu, akalisikitikia miguu yake inayouma, akamwaga vumbi, akaanza kuliuzia lango lake lenyewe, na jitu, yaani mimi, nikawa tayari nimeongeza bei mara mbili. Dakika arobaini zikapita. Hakuna mwingine aliyegusa dadu.

Ghafla Gordy akapiga kiganja mezani. "Verlyn! Hivi wewe huwa hunyamazi? Na sisi tumekuja kucheza!"

Marlys akafumba macho. Mimi nikamgeukia Verlyn.

Verlyn alikuwa anacheka. Kicheko chake sasa hakina sauti, ni mabega na machozi tu, na yalimtiririka mpaka akalazimika kuvua miwani. Miezi mitano hakuna mtu aliyethubutu kumtania. Alipoweza kupumua vizuri akaibana ile tochi shingoni.

"Subiri... zamu yako," akamwambia Gordy, akaendelea kuuza lango.