Dawa Ndani ya Sombe

Muuguzi alimshika mama kidevu, akamgeuza uso kulia na kushoto, kisha akaniuliza mimi, si yeye: "Mama huyu anakunywaka dawa gani ya kichwa?"

Nikacheka. Kwa kweli nilicheka. Nilikuwa nimempeleka mama kituo cha afya kwa ajili ya mikono inayotetemeka, usingizi wa mchana, na ulimi ambao siku hizi ulikuwa unamtoka mdomoni bila yeye kujua. Nikamwambia muuguzi amekosea mgonjwa. Mwenye ugonjwa wa kichwa ni kaka yangu, yuko nyumbani kwetu, mtaa wa Saio, ndiye anayesikia sauti tangu tulipokuwa bado tunalima kijijini kule Bule. Mama hata kidonge cha malaria anakitapika.

"Basi kuna mutu iko anamupa," akasema muuguzi. "Mi naonaka watu ya dawa hii kila siku."

Nilitoka pale nimefura kwa hasira. Njiani mama alijifunika kitenge usoni, nami nikadhani ameudhika kama mimi.

Lazima nieleze habari ya dawa hiyo, maana wazo lilikuwa langu. Kule Bule kaka aliwahi kufungwa mguu kwa mnyororo kwenye chumba cha maombi, majuma mengi, mpaka kifundo kikaoza. Tulipokimbia vita na kuja mjini, daktari akamwandikia vidonge. Vikamfaa. Akaoga, akaanza kusuka vikapu na kuniuliza habari za soko. Kisha akaanza kuvitupa chooni, na sauti zikarudi. Ndipo nikamfundisha mama kuvisaga kwa kitako cha glasi na kuvikoroga kwenye sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, yenye mawese mengi. Mawese yanaficha kila kitu. Nilijiona mjanja sana! Kila asubuhi nilikwenda kuuza maharage, nikimwachia mama kazi hiyo pamoja na kununua vidonge. Mwaka wa tatu kaka alikuwa hajapiga mtu wala kupotea, nami nilitoa ushuhuda kanisani. Kitu kimoja tu kilinikera: vidonge viliisha haraka mno. Nilimgombeza mama kwamba anavimwaga.

Kesho yake sikwenda sokoni. Saa sita mchana nilijibanza nyuma ya pazia la chumba changu. Mama akamwekea kaka fufu, ugali wa muhogo, na bakuli la sombe. Kaka hakugusa.

"Mama, onja mbele."

Hilo halikunishangaza. Kwetu anayeleta chakula au kinywaji huonja kwanza, ili anayepewa aone hakuna sumu. Hata mgeni wa heshima hufanyiwa hivyo. Mama akamega tonge, akachovya, akala. Kaka akamkazia macho kooni.

"Ingine."

Akala.

"Ingine."

Mama akaendelea kula, polepole, mkono ukitetemeka njia nzima mpaka mdomoni. Nusu ya bakuli ilikuwa imekwisha kaka aliposema aksanti, akalivuta kwake na kumaliza iliyobaki bila wasiwasi wowote.

Nikasukuma pazia nikapiga kelele: "Mama! Hiyo dawa unaikula tangu lini?"

"Tangu ile siku ulinifundisha," akasema. "Hakulaka kama sijaonja. Mi ningefanya je? Arudi ku munyororo?"

Ndipo nikajua vidonge vilikokuwa vinakwenda. Na ili nusu anayobakiza imtoshe kaka, mama alikuwa akisaga viwili badala ya kimoja. Alijua kilichomo, akakimeza miaka yote hiyo, nami nikimgombeza.

"Dawa gani?" akauliza kaka.

Mama akakimbilia kuniziba mdomo kwa kiganja, lakini nilikuwa nimeshachoka kuficha. Nikamwambia kaka yote. Nilingoja apindue meza na kutoka mbio, turudi kumtafuta mitaani. Yeye akamgeukia mama.

"Na weye ulijua iko ndani?"

"Nilijua."

"Na ukakula?"

"Nikakula."

Kaka akalia kwa sauti. Hata mguu ulipokuwa unaoza sikuwahi kumwona akilia.

"Munipe yangu mu mukono," akasema. "Mama asikule tena."

Sasa anameza mbele yetu. Siku nyingine anakataa, tunambembeleza hadi jioni, nami ninaogopa kila siku kama hiyo. Muuguzi, niliyemwomba radhi, anasema mikono ya mama huenda ikatulia. Kuhusu ulimi hakuniahidi kitu.

Juzi tukichambua maharage nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. Hakuinua macho.

"Ulikuwa unafurahi sana, mutoto yangu," akasema. "Ningekuambia nini?"