Barua Iliyofika Tangu Jana

Kwa miaka ishirini na mbili ofisi ya uchaguzi ilimwita Saini. Jina lake halisi lilibaki kwenye faili. Alikuwa tarishi. Alipiga hodi, akatoa barua ya kisheria, akafungua daftari na kusema, "Saini hapa." Waliomtukana aliwavumilia, waliojificha aliwasubiri watoke. Hakuna barua iliyowahi kumpotea, na kwa hilo alijivuna bila aibu.

Mwaka huu kanuni mpya ziliruhusu notisi kwenda kwa barua pepe. Ikishatumwa, imefika. Daftari likatupwa stoo, naye Saini akapewa kazi ya kupanga fomu za wagombea udiwani.

Ndipo alipokutana na kioja. Wagombea saba, anwani moja ya barua pepe! Aliijua: ni ya duka la fotokopi la pale kona. Fomu ilidai anwani, wao hawana, mwenye duka akawajazia ya kwake, mambo yakaisha.

Mmoja wao alikuwa mama fundi cherehani, aliyewekewa pingamizi kwamba si mkazi wa kata. Notisi ilitumwa jana. Asipojibu kabla ya saa kumi leo, jina linakatwa. Sasa ilikuwa saa saba, na asubuhi Saini alilipita duka lile likiwa na kufuli na kikaratasi: tumefiwa.

"Bosi, huyu mama hajaipata."

"Mfumo unasema imefika, mzee wangu," msimamizi alijibu bila kuinua macho. "Sheria ndiyo hiyo."

Saini alichapa nakala ya notisi, akaaga kwamba anakwenda kula, akashika njia.

Mama fundi alitema pini kiganjani, akaisoma barua hadi mwisho. Akatafuta kalamu. "Nisaini wapi, baba?"

Saini alishikwa na uchungu. "Hakuna pa kusaini, mama. Kisheria unayo tangu jana. Kimbia!"

Saa kumi kasorobo mama fundi aliweka majibu mezani kwa msimamizi, pamoja na mkataba wa nyumba aliyopanga katani.

"Si unaona? Barua pepe imefika," msimamizi alimwambia Saini, akaandika hivyo hivyo kwenye ripoti.

Mama fundi alivitazama viatu vya Saini vilivyojaa vumbi, akafungua kinywa. Saini akamkonyeza anyamaze. Alikwenda stoo, akarudi na daftari lake, akalipangusa kwa kiwiko na kulifungua mbele ya mama fundi.

"Saini hapa," akasema.