Mtani Aliyekiri Msibani

Kinole nzima, msiba haukuwa msiba kama Stambuli hakuwapo. Mwaisha alilijua hilo tangu utotoni, maana ukoo wake na ukoo wa Stambuli walikuwa watani. Mama yake Mwaisha alipokufa, Stambuli alivaa kanga za marehemu akadai urithi, na wafiwa wakacheka mpaka wakasahau kulia.

Basi Rehani, kaka yake Mwaisha, alipokutwa bondeni amepasuka kichwa, Stambuli akaja kama kawaida yake. Akalala kizingitini, jeneza lisipite.

"Hapiti mtu mpaka nipewe jogoo! Rehani nimemuua mimi, alizidi uchoyo!"

Watu wakaangua kicheko, jogoo akaletwa, marehemu akaenda kuzikwa.

Askari wa akida, mgeni wa milima hii, hakucheka. Alikuwa amesikia mtu akikiri kuua mbele ya umati, na kazi nyepesi namna hiyo haiokotwi kila siku. Akamfunga Stambuli kamba, akampeleka kwa akida. Akida mwenyewe alikuwa mtu wa pwani, utani aliujua fika. Lakini nani amfundishe Mjerumani kazi?

Bomani Morogoro, Bwana Shauri, Mjerumani mwenye kuamua kesi, akamwita Mwaisha atoe ushahidi.

"Alisema amemuua kaka yako?" mkalimani akauliza.

"Alisema, Bwana Mkubwa, ila yule ni mtani we…"

"Jibu ndiyo au siyo!"

"Ndiyo."

"Nanyi mkafanya nini?"

"Tulicheka."

Mwaisha alitamani ulimi umkauke. Bwana Shauri akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyestaarabika. Hukumu ikapelekwa Dar es Salaam, ikathibitishwa na mabwana wenye elimu zao, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kufiwa akiwa na mtani.

Stambuli akanyongwa. Siku ile ile wavuna asali wa Kinole wakaliona shoka la Rehani limenasa juu ya mti, pale pale bondeni alipokutwa, kando ya mzinga, na tawi alilokanyaga limevunjika. Serikali haina kiburi, jamani: ilipopata habari ilisahihisha kosa upesi, kwa wino mzuri. Kilichoshindikana kusahihishwa ni shingo ya Stambuli tu.

Ndugu wakapewa maiti yao, na zamu ya utani ikawa ya Mwaisha. Jeneza lilipoinuliwa, akasimama mlangoni. Watu wakamngojea, maana marehemu huyu kuliko wote alistahili kuchekewa.

"Nimemuua mimi," Mwaisha akasema.

Hakuna aliyecheka. Askari wa akida alikuwapo, akasikia kila neno, akainamisha macho. Safari hii hakumkamata mtu.