Sindano Haina Ukwe

Nitawaambia habari za Asheri, mkwe wetu, na mtu asinikatize. Wapo wanaomsema vibaya na hawamjui, na wapo wanaomtetea kwa kuwa aliwatafutia vijana wao kazi. Mimi ni Rahabu, shangazi wa mkewe. Mwanzoni nilikuwa simpendi, halafu nikamchukia kabisa, na sasa namhurumia. Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua.

Asheri si mtu wa mlimani. Alizaliwa kambini, kwenye shamba moja la mkonge huko tambarare chini ya Same. Baba yake alikuwa manamba, kibarua wa mkataba, alitoka mbali na hakurudi tena kwao mpaka alipofariki. Dina, binti wa kaka yangu Naftali, alipomleta nyumbani Ngujini kumtambulisha, mimi na mdomo wangu nilimwuliza mbele ya watu kama anajua kushika jembe au anajua kukata mkonge tu. Watu wakacheka. Yeye akacheka kidogo, akatazama viatu vyake. Kaka yangu Naftali peke yake hakucheka.

"Mwache kijana, Rahabu," alisema. "Ana heshima kuliko wewe."

Naftali ni mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache. Alijaliwa mtoto mmoja tu aliyekua, huyo Dina. Dina na Asheri walipopata mtoto wa kwanza, wa kiume, akaitwa jina la babu yake mzaa baba, kama ilivyo desturi yetu. Wa pili akiwa wa kiume ni zamu ya babu mzaa mama. Kwa hiyo Dina aliposhika mimba ya pili, kaka yangu alianza kutembea kama mtu aliyeshonewa koti jipya. Hakusema lolote, lakini tulijua. Kama Naftali mdogo hatatoka kwa Dina, hatatoka popote.

Sasa nirudi kwa Asheri. Akili anazo, hilo sikatai. Alisoma mpaka darasa la nane, akapata ukarani katika kituo kimoja cha polisi huko huko tambarare, sitakitaja. Kazi yake ilikuwa kadi. Kila mtu anayetafutwa ana kadi yake ndani ya sanduku la mbao, na ukimtaka mtu unapekua moja moja mpaka macho yanauma. Basi akapelekwa kozi, akarudi na maarifa mapya: kadi zenye matundu kuzunguka ukingo wote. Kila tundu lina maana yake, hili la umri, hili la kosa, haya ya namba. Jambo likimhusu mtu, tundu lake linakatwa mpaka nje, linabaki kama pengo la jino. Kisha unachomeka sindano ndefu kwenye tundu unalolitaka, ipite bunda zima la kadi, unainua, unatikisa. Zilizokatwa zinaanguka mezani zenyewe. Sindano aliyotumia ilikuwa ya kufumia sweta, ya Dina.

Shamba la mkonge nalo lilikuwa na kadi zake. Lilikuwa limekwisha taifishwa, na ofisi mpya ilitaka kujua wafanyakazi wake ni akina nani na wametoka wapi, wa sasa na wa zamani. Kila mfanyakazi wa mkonge alikuwa na kipande, ile karatasi anayowekewa alama akimaliza kazi ya siku, na kila kipande kina namba. Polisi kwa upande wao, mtu akifanya kosa shambani akatoroka, waliandika jina na namba ya kipande. Kwao ni wapi, hawakujua. Asheri akasema, hizi kadi mbili tuziunganishe. Namba ikikutana na namba, mtoro atajulikana kwao. Miezi na miezi akawa anakata matundu. Dina aliniambia hata usingizini vidole vilikuwa vinakata.

Jambo ambalo lilikuwa upande mmoja tu, aliliacha. Kadi za polisi zilikuwa na makovu na vilema. Za shamba hazikuwa na habari hizo. Basi makovu na vilema havikupata tundu.

Na kuna kitu kimoja ambacho kila mtu wa kambini anakijua, hata kuku wa kambini wanakijua. Kipande hakiondoki na mtu. Ukifiwa, ukachoka, ukitaka kurudi kwenu, unamwachia mwenzako aliyekosa nafasi. Naye anaingia kazini kwa jina lako, nyapara anamwita kwa jina lako, anaitika. Asheri alizaliwa humo. Alilijua hilo kabla hajajua kusoma.

Siku ya kuonyesha kazi yake ilifika. Wageni walikuja kutoka mkoani, na mkuu wa kituo, Inspekta Novatus, alivaa kofia mpya. Asheri alichomeka sindano, akainua, akatikisa. Ikaanguka kadi moja ya polisi: mtu aliyemjeruhi nyapara kwa kisu cha kukatia mkonge, akatoroka, miaka mingi hajulikani alipo. Akachukua namba yake, akachomeka sindano kwenye bunda la shamba. Ikaanguka kadi moja. Naftali, mtu wa Ngujini, Ugweno.

Askari aliyekuwapo alinisimulia. Anasema Asheri aliisoma kadi ile, akairudia tena. Inspekta akamwuliza, "Vipi, unamfahamu?"

Hapo ndipo angesema. Angesema, afande, subiri kidogo, kipande si mtu. Sentensi moja! Lakini wageni walikuwa wanamwangalia, na yeye, mtoto wa kambi, hakuwahi kuangaliwa namna ile maishani mwake. Akajinyoosha.

"Ni baba mkwe wangu, afande," akasema. "Lakini sindano haina ukwe."

Lo! Walipiga makofi. Mgeni mmoja alimpa mkono. Maneno hayo yalipanda mlimani haraka kuliko wale askari.

Walimkuta kaka yangu kwenye msaragambo. Kijiji kizima tulikuwa barabarani tunachimba mtaro, wanawake kwa wanaume, na yeye ndiye aliyekuwa anatupanga kazi. Askari wakamwita jina. Akaitika, akawafuata akifuta matope mikononi. Wakamfunga pingu matope yakiwa bado hayajatoka. Nilipiga kelele nikatukana, na nilichotukana siwezi kukirudia hapa. Yeye alinigeukia akasema tu, "Rahabu, mtaro usiachwe wazi, watoto watatumbukia." Halafu akateremka nao, mikono mbele, kupita mbele ya kanisa lake.

Kesho yake niliteremka na kikapu cha ndizi na maharage. Nilikaa kwenye benchi pale kituoni nikakataa kuondoka. Ndiyo maana haya yanayofuata hakunisimulia mtu.

Aliyekuwa akichukua alama za vidole pale ni Asheri mwenyewe. Askari wa kazi hiyo alikuwa likizo. Inspekta akasema, "Karani, mchukue mzee alama." Asheri akabaki amesimama. Kwetu humshiki mkweo mkono ukauchezea, unamwamkia kwa adabu na unampisha njia. Akamsogelea akainama.

"Shikamoo, baba."

Kaka yangu hakujibu. Nimeishi naye tangu utotoni, sijawahi kumsikia akiacha shikamoo ya mtu ikining'inia hewani. Akanyoosha mkono.

Alama zinachukuliwa kidole kimoja kimoja. Mchukuaji anashika kidole, anakipaka wino, anakibiringisha kwenye karatasi, anakiachia, anashika kingine. Asheri alishika gumba la baba mkwe wake. Akashika cha pili. Alipofika kidole cha kati cha mkono wa kulia, alisimama. Alikishika tu. Akakitazama, akakitazama, nikadhani ameugua. Kisha akaanza kulia, mwanamume mzima na shati lake jeupe la ofisini, bado amekishika kile kidole.

"Nini tena?" Inspekta akauliza.

Asheri akaenda kwenye sanduku, akarudi na ile kadi ya polisi. Akasoma kwa sauti. Mtu anayetafutwa hana kidole cha kati mkono wa kulia, kilikatwa na mashine ya korona, ile ya kuchakata mkonge.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Haikuwa na tundu, afande."

Inspekta alimgeukia kaka yangu. "Mzee, namba hii ya kipande ni yako au si yako?"

Kaka yangu alinitazama mimi kwanza. Wakati huo ndipo nilipoelewa kwa nini tangu jana hakujitetea. Kusema ukweli kulikuwa na maana ya kusema mbele ya askari, na mbele yangu, kwamba mzee wa kanisa aliwahi kumpa mtu jina lake akatembee nalo.

"Ilikuwa yangu," akasema mwishowe. "Kabla ya Uhuru. Baba alifariki, nikaitwa nyumbani. Kulikuwa na kijana anaitwa Chande, amekosa nafasi, analala nje na njaa. Nikamwachia kipande. Kumbe aliendelea nacho miaka yote hiyo."

"Ulimdanganya mwajiri, mzee."

"Ndiyo."

"Afande," Asheri akaingilia, na sauti ilimtoka vibaya, "hata mimi nililijua jambo hili. Wote kambini tulifanya hivyo. Baba yangu mzazi alikata mkonge mpaka akafa kwa jina la mtu mwingine. Hilo ndilo jina tulilomzikia."

Na mimi, niliyemcheka mtoto wa kambi mbele ya watu, nilikaa pale na kikapu changu nikatamani benchi linimeze. Mjukuu wetu wa kwanza tulimpa jina la babu, tukapiga vigelegele, na kumbe lilikuwa jina la mtu ambaye hakuna kwetu aliyemjua. Asheri alikuwa ametusikiliza tunalishangilia, akanyamaza.

Walimwachilia kaka yangu siku ileile. Alipofunguliwa aliuliza swali moja tu.

"Na jina langu linatoka humo?"

Inspekta hakuwa mtu mbaya. Alikuna kichwa. "Kadi haiharibiwi, mzee. Tutaongeza maelezo kwamba si wewe. Lakini lile jina linabaki, kwa sababu yule mwingine hatuna jina lake la kweli la kumtafutia."

"Kwa hiyo sindano ikichomekwa, mimi naanguka."

"Utaanguka, halafu tutasoma maelezo."

Kaka yangu akashukuru, akavaa kofia yake. Asheri alitaka kumsindikiza mpaka kituo cha basi, akambebee kikapu. Naftali akanipa mimi kikapu.

Baadaye Asheri alipanda Ngujini na mbuzi na blanketi, pamoja na wazee wawili wa kumsemea. Alipiga magoti mlangoni, na suruali yake ya kazi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno, wallahi nilikuwa nimeyapanga, lakini nilipomwona yakanipotea. Alikuwa amekonda. Hakuweza kumtazama mtu usoni, hata watoto. Kaka yangu alimwinua, wakachinja, wakala sahani moja. Akamwitikia shikamoo yake. Kinyongo hana yule. Wazee wakafurahi wakasema yamekwisha.

Dina akajifungua mtoto wa kiume.

Tulikusanyika kwao tambarare kumwona mtoto. Kaka yangu alimpakata akamtazama muda mrefu, akamgusa paji la uso, akacheka kama kijana. Asheri akapiga magoti tena, akasema, "Baba, mpokee Naftali wako."

"Hapana," kaka yangu akasema.

Dina akaanza kulia. Asheri akashika miguu ya mzee. "Baba, nisamehe. Jina nimelichafua mimi, mtoto hana kosa."

"Nilikwisha kukusamehe. Wala hukulichafua wewe. Nililiacha mwenyewe huku chini, nikapanda mlimani nalo kama vile hakuna kitu." Alisema taratibu, mtoto bado mikononi. "Lakini mtoto huyu atakua, ataandikwa. Siku moja karani atachomeka sindano yake, ataanguka Naftali wa Ngujini mwenye kisu. Maelezo hayatasomwa kila siku. Wewe unajua, uliyaacha kwa sababu hayakuwa na tundu. Mimi simpi mjukuu wangu jina lililoko polisi."

"Basi tumpe jina gani, baba?"

Kaka yangu akamrudishia mtoto mikononi. "La kwako. Wewe ndiye uliyebaki na jina lisilo na kadi. Lichunge."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Kwetu hatumwiti mtoto kwa jina la baba yake aliye hai, ni jambo zito, linakaa nyumbani kama mgeni asiyeaga. Lakini mzee alikwisha sema. Akaitwa Asheri.

Kaka yangu siku hizi ameacha uzee wa kanisa, alijiuzulu mwenyewe. Asheri bado yuko ofisini na bado anasifiwa, wamempandisha hata cheo. Watu wanamwona ana maisha.

Juzi nilikuwa kwao. Dina alikuta unga umemwagwa jikoni, akatoka mlangoni na mwiko mkononi, akaita kwa hasira, "Asheri! Njoo hapa uone ulichofanya! Huna haya wewe?"

Mtoto alikuwa mbali, uwanjani, anakimbiza tairi, wala hakusikia. Aliyeinuka kitini, akasimama mbele yetu ameinamisha kichwa, ni baba yake.