Kapasita za Kaburi la Fermin

Kila mwaka, Siku ya Marehemu Wote ilipokaribia, bibi aliyeitwa kwa heshima Tan Sabina alikwenda makaburini na ndoo, sabuni na brashi. Kijiji kizima kilisafisha makaburi ya watu wake, kama ilivyo desturi visiwani Mariana, lakini hakuna aliyesugua kama yeye. Kaburi la mumewe, Fermin, lilizungushiwa mitungi myeupe ya kauri, mizito, inayong'aa ikioshwa. Fermin mwenyewe aliiokota vichakani jeshi la kigeni lililopiga kambi kisiwani lilipofungasha virago na kuyaacha madude yake. Alipokufa, Sabina akaihamishia kaburini. Majirani nao waliitumia kuweka mipaka ya viwanja na kukinga upepo wakichoma nyama. Wangejuaje? Jeshi lilijua kwamba zile ni kapasita, vifaa vya mitambo ya umeme, na kwamba ndani mna mafuta ya sumu. Likafunga mdomo, likaenda zake.

Moja ilikuwa na ufa. Mafuta yakivuja, Sabina aliyafuta kwa kitambaa, akajipangusa mikono kwenye gauni na kuendelea na rozari.

Mwaka mmoja wakaja wataalamu wa sumu, wamejifunika nguo za kinga mpaka kichwani. Wakapima udongo, wakapiga marufuku kula kaa wa maeneo hayo. Kaa hao Sabina amewapika kwa tui tangu wanawe wakiwa wadogo. Alipoambiwa kwamba mitungi ile ina sumu, hakulia. Alipandwa na hasira, na hasira yenyewe ikakataa kushuka.

Wiki iliyofuata Harlan, msimamizi wa kazi, akawaajiri vijana wa kijiji waziondoe kapasita na kuchota udongo. Ignacio, kitinda mimba wa Sabina, alikuwa mmoja wao. Mama yake alimkuta amevaa ndala, mikono mitupu, anainamia kaburi la baba yake. Akajitia katikati.

"Usiguse, Nasio."

"Mama, niko kazini. Unaniaibisha mbele ya watu."

"Aibu utaizoea. Toka hapo."

Harlan akaja na upole wake, glavu nene mikononi. Akaeleza kwamba nguo za kinga za vijana bado ziko melini, na kwamba mtu akizigusa kapasita kwa muda mfupi hapati madhara. Sabina alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwomba avue glavu zake, ainyanyue ile yenye ufa na kuipeleka garini.

"Kwa muda mfupi tu, baba," akasema.

Vijana wakacheka, kisha wakamtazama bosi wao. Harlan hakuvua. Ignacio akajifuta vidole kwenye suruali, akatoka nje ya lango, na wenzake wakamfuata. Siku hiyo kazi haikufanyika.

Meli ilipofika, Harlan aligawa nguo na glavu, hata Sabina akapewa jozi yake ya glavu ya kuvaa akija kaburini. Alizigeuzageuza. Akamuuliza kama wanajeshi waliozileta kapasita walizishika kwa mikono mitupu.

"Hapana, mama," Harlan akajibu. " Walikuwa na glavu tangu mwanzo."

"Sisi je, hawakuona tuna mikono?"

Sabina akamtupia glavu zake kifuani, akaondoka bila kuaga.